Sanduku Namba Tisa

"Usinizungushe, Mama. Nimekuuliza huu ni mwandiko wa nani."

"Unaujua mwandiko wangu tangu ukiwa chekechea. Rudisha hilo daftari ulipolitoa, unywe chai, uende chuo."

"Siendi."

"Basi usiende. Lakini daftari rudisha."

Hakurudisha. Binti yangu alisimama katikati ya jikoni, soksi mguu mmoja, daftari amelibana kifuani kana kwamba mimi ndiye mwizi. Alikuwa akitafuta cheti chake cha kuzaliwa kwenye kabati langu, maana kuna fomu alitakiwa kuijaza, na ndani ya bahasha ile ile akakuta daftari la jalada la buluu. Kosa langu. Mtu mwenye akili hafichi siri kwenye bahasha ya vyeti vya watoto. Vyeti vya watoto hutafutwa kila mwaka.

"Ukurasa wa nne," akasema, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya kusomea mtihani. "Namba kumi na saba. Mwanamume. Wa bondeni. Amenyongwa. Halafu jina, lake na la baba yake. Halafu kwa kalamu nyekundu: kichwa, sanduku tisa. Upande wa kulia, sanduku tatu. Mkono wa kushoto, kiunzi cha maabara." Akafunga daftari, kidole kimebaki ndani. "Mama. Sanduku tisa ni lipi?"

"Unajua ni lipi."

"Nataka uniambie wewe."

Chai ilikuwa inamwagika. Nikazima jiko, nikachukua kitambaa, nikafuta. Nilifuta hata pale pasipokuwa na kitu.

"Ni lile lililo chini ya kitanda chako," nikasema.

Binti yangu anasoma udaktari, mwaka wa pili. Mwaka wa pili wanasoma mifupa, na mifupa haisomwi kwa picha tu. Idara yetu ilikuwa na masanduku ya mbao, marefu kama ya fundi seremala, na ndani ya kila moja kuna kichwa cha mtu na nusu ya mwili wake: mkono mmoja, mguu mmoja, mbavu za upande mmoja. Mwanafunzi anaazimwa, anakwenda nalo nyumbani, anashika, anageuza, anakariri. Nasema idara yetu kwa sababu mtunza stoo ni mimi. Nina stashahada ya ufundi sanifu wa maabara, na miaka ishirini na miwili kwenye chumba kile.

Sanduku tisa nilimchagulia mwenyewe. Lina fuvu zuri kuliko yote, meno thelathini na mawili, hakuna hata moja lililong'oka. Mzazi akiwa na nafasi ya kumpa mtoto wake kilicho bora, atampa kingine? Lilipoingia nyumbani tukalipa jina, Mpangaji. Mdogo wake binti yangu alikuwa akipita mlangoni anasema, "Mpangaji hajambo?" Na mimi nilikuwa nacheka. Nilikuwa najibu, "Hajambo, na tena hasumbui maji wala umeme."

"Nimelala juu yake miezi saba," binti yangu akasema. "Nimemshika taya, nimemchora kwa chaki. Nimempiga picha amevaa miwani yangu ya jua, Mama. Na ana jina."

"Hukujua."

"Mimi sikujua."

Alilitamka lile "mimi" taratibu, likanifikia.

Nikamwambia akae. Hakukaa. Akaniuliza juzi kwenye kamati ya kuizika ile mifupa nilisema nini. Nikamwambia nilisema kumbukumbu za zamani hazipo.

"Waliniambia uliulizwa mara mbili."

"Mara tatu," nikasema.

"Kwa hiyo Jumamosi wanazikwa wote shimo moja, nyuma ya maktaba, na jiwe limeandikwa 'Wasiojulikana', na wewe majina yao unayo pamoja na kadi yangu ya chanjo."

"Usipige kelele, majirani wanasikia."

"Wasikie. Leo saa nne wale watu wa bondeni wanakuja, Bibi mmoja na mpwa wake. Wamesafiri siku mbili. Mtawaambia nini?"

"Mkuu wa idara ndiye atakayeongea. Mimi nitaweka sahihi yangu, basi."

"Kwamba majina hayapo."

Mtoto wangu huyu ana tabia moja ameirithi kwa nani sijui, akishakukamata hakuachii. Akanyoosha kidole kuelekea sebuleni, kwenye ile barua yangu ya pongezi niliyoiwekea fremu. Ipo ukutani tangu hajaanza shule. Imeandikwa kwamba kwa ubunifu wangu idara iliongeza masanduku ya kufundishia kutoka kumi na moja hadi ishirini na sita bila gharama yoyote.

"Nimekua chini ya ile barua," akasema. "Wageni wakija unawaonyesha. Kumbe ndiyo hii? Wale wageni waliotutawala waliwanyonga, sawa, wakawakata vichwa, sawa, watakwenda kujibu kwa Mungu. Lakini majina waliyaandika kwenye mifupa, umeeleza mwenyewe ukurasa wa kwanza. Aliyeyafuta ni wewe."

"Sikufuta kabla sijanakili," nikamjibu. Nikajisikia nilivyojibu, kama mwanafunzi mbele ya msimamizi wa mtihani.

Nikamnyang'anya daftari. Sikujivunia. Nikalitia kwenye mkoba, nikavaa viatu, nikatoka bila kunywa chai. Nyuma yangu akasema, "Usiposema wewe, nitasema mimi." Nikamwambia aseme. Nilikwishajua nitakachofanya: nyuma ya maabara kuna tanuri la kuchomea taka, na tanuri halina mdomo.

*

Sasa niseme ilivyokuwa, maana nikiwaachia wengine waseme wataiongezea chumvi, na chumvi iliyopo inatosha.

Nilipoajiriwa nilikuta makabati matatu ya vioo, na ndani yake vichwa arobaini na kimoja. Kumi na tisa vilikuwa na miili, ingawa si yote kamili. Aliyevikusanya ni daktari mzungu wa enzi za utawala wa wageni, yule ambaye picha yake ilikaa kwenye korido yetu mpaka mwaka jana. Watu wa bondeni walikataa kazi ya kulazimishwa. Waliokamatwa walinyongwa, na wengine walikufa kambini, na daktari alikuwa akipita nyuma na mikokoteni. Alivipima vichwa vyote kwa kifaa cha chuma kama koleo kubwa. Alitaka kuthibitisha kwa namba kwamba vichwa vyetu ni vidogo na sisi tumeumbwa tutawaliwe, jambo ambalo alikuwa ameliamini kabla hajapima hata kimoja. Halafu akaandika kwa wino mweusi, juu ya mfupa wenyewe, kwenye paji la uso: namba, jinsia, alikotoka, alivyokufa, na jina kama alilipata. Alikuwa mtu nadhifu sana.

Wageni wakaondoka, chuo kikawa chetu, vichwa vikabaki. Hakuna aliyeona aibu hapo. Tulihitaji kufundisha madaktari wetu, na mifupa ilikuwepo.

Mkuu wa idara wa wakati ule, sasa ni marehemu, aliniita akaniambia: "Mama, wanafunzi ni sitini na masanduku kumi na moja. Tena wanalalamika ule wino unawafichia alama. Tafuta njia." Nikatafuta. Kwanza nikavisugua vile vichwa kwa spiriti mpaka maandishi yakatoka yote. Chuoni tulifundishwa usifute kabla hujanakili, kwa hiyo nikanakili kila neno kwenye daftari la buluu nililonunua mwenyewe. Kisha nikaiosha mifupa, nikaipanga juu ya meza ndefu, nikaigawa. Mwili mmoja ukiugawa kulia na kushoto unapata masanduku mawili. Pasipo na mkono unatia mkono wa mwingine unaolingana urefu. Nilifanya kama ninavyofanya nyumbani na sahani. Seti ikivunjika, unaunganisha zilizobaki za seti tatu, unapanga mezani, wageni wanakula, hakuna anayeuliza. Kwa wiki mbili nilikuwa nafanya kazi naimba.

Nilipomwonyesha mkuu daftari, alilifungua ukurasa mmoja, akalifunga. "Habari hizi za zamani zitatuletea maneno," akasema. "Ondoa." Nikaliondoa. Nililipeleka nyumbani, kwa sababu sijawahi kutupa kitu nilichokiandika kwa mkono wangu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwenye mkoba asubuhi ile. Yule mzungu na wenzake waliwaua na kuwaandika. Mimi niliwachanganya. Kamati ilipoundwa na kuanza kuuliza, kila mtu alikuwa akimlaani yule wa kwenye picha, na mimi nilikuwa nalaani nao kwa sauti kubwa kuliko wote.

Na kuna jambo jingine, dogo, lakini ndilo lililonikosesha usingizi. Mwezi uliopita masanduku yote yaliitwa yarudishwe. Sanduku tisa halikurudi, kwa sababu binti yangu alikuwa na mtihani. Kwenye kitabu cha stoo nikaandika "limerudi", nikatia sahihi. Yeye nikamwambia nimemwombea ruhusa. Nilisema nitalirudisha Ijumaa, kimya kimya.

*

Mchoma taka wetu ni mzee mwembamba anayependa utani. Watu wanamwita Jehanamu, na anaitika. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, tanuri linanguruma.

"Mama Stoo," akasema, "umekuja mwenyewe mlangoni kwangu. Dhambi zako zimezidi?"

"Nina kikaratasi cha kuchoma."

"Lete. Lakini kwanza," akavuta lile daftari kubwa lililofungwa kamba kwenye msumari, "jaza. Tarehe, kitu, kimetoka wapi, sababu ya kuchomwa, jina."

"Ni daftari tu, Mzee. Langu mwenyewe."

"Hata kama ni leso yako. Aliyeweka sheria hii ni nani?"

Ni mimi. Miaka tisa iliyopita nilikuta mtu amechoma glavu pamoja na chupa za dawa, moshi ukatufukuza wote, na mimi ndiye niliyepeleka pendekezo kwamba hakuna kitu kinachoingia kwenye tanuri bila kuandikwa. Kalamu ile iliyofungwa kwa uzi niliifunga mimi.

Nikaandika tarehe. Kwenye "kitu" nikaandika "daftari". Kwenye "kimetoka wapi" kalamu ikasimama. Niandike nini? Stoo? Nyumbani kwangu? Bondeni? Na "sababu ya kuchomwa"? Nilisimama pale na joto la tanuri limenijaa usoni, najaribu kutafuta sababu ya kweli ambayo mtu anaweza kuiandika kwa mkono wake na kutia sahihi, nikaikosa. Hata ya uongo niliikosa, mimi niliyeandika "limerudi" bila kupepesa jicho.

"Umesahau kuandika?" Jehanamu akauliza.

"Nimebadili mawazo."

"Basi kata mstari. Usiniachie nafasi wazi, utanigombeza wewe mwenyewe Ijumaa ukija kukagua."

Nikakata mstari. Nikarudi ndani na daftari langu. Sikuwa nimeamua kusema. Nilikuwa nimeshindwa kuchoma tu.

*

Saa nne kamili wageni walikuwa kwenye chumba cha mikutano, mlango wa pili kutoka maabara. Meza ndefu, chupa za maji, boksi la karatasi laini limewekwa katikati ili watu wakilia wasisumbuke. Mkuu wa idara wa sasa ni kijana kwangu, ana tai nzuri, na ukimwambia chochote anakujibu "dakika moja". Wanafunzi wanamwita Dakika Moja. Si mtu mbaya. Anaogopa tu mambo yanayochukua zaidi ya muda huo.

Bibi alikuwa mdogo wa umbo, amekaa ukingoni mwa kiti, viatu vyake vya safari vimepigwa rangi upya. Mpwa wake alikuwa mtu mkubwa, dereva wa lori, ameshika kofia magotini. Nikamwamkia Bibi, "Shikamoo," akaitikia "Marahaba, mwanangu," akaniangalia beji.

Mkuu alisema maneno aliyoyaandaa. Kwamba chuo kinasikitika. Kwamba kilirithi makosa ya wengine. Kwamba kwa bahati mbaya kumbukumbu za wakati ule hazikuhifadhiwa, kwa hiyo haiwezekani kumtambua mtu mmoja mmoja, ila wote watapewa heshima kwa pamoja.

"Samahani, Mkuu," dereva akasema. "Ni wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Mimi napakia magunia mia tatu. Kila gunia lina mwenyewe, na kila mwenyewe nampa lake. Nyinyi chuo kikuu mmeshindwa arobaini na mmoja?"

"Dakika moja, ndugu yangu. Suala hili lina historia ndefu."

"Hata barabara yetu ni ndefu. Nafika."

Bibi akamgusa mkono. Kisha Bibi akasema anataka kuuliza jambo dogo. Tangu alipoondoka yule daktari, na tangu wageni waondoke, nani amekuwa akiwaangalia?

Mkuu akafurahi kupata swali lenye jibu. "Ni huyu mama hapa. Miaka ishirini na miwili. Anawatunza, anawaosha, hana mfano."

Ningeweza kumziba mdomo kwa tai yake.

"Wewe ndiye uliyekuwa unawaosha?" Bibi akaniuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa kitu gani?"

Nilitaka kusema spiriti. "Kwa maji ya uvuguvugu," nikasema. "Na brashi laini."

Akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza akanishika wa kulia. Viganja vyake vilikuwa vikavu na vya moto. "Baba wa baba yangu yumo humu," akasema. "Sisi tulikuwa tukijiuliza nyumbani, huko aliko yupo mikononi mwa nani. Mama yangu alikufa anauliza. Sasa nimeona mwenye mikono. Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Nimewahi kutukanwa na wanafunzi. Nimewahi kugombezwa na mkuu mbele ya watu. Hakuna kilichowahi kunivua nguo kama ile ahsante. Nilitaka kuutoa mkono wangu, na sikuweza, kwa sababu alikuwa ameushika kwa upole.

"Hatuna picha yake," akaendelea, kama anayezungumza na jirani. "Bibi yangu alituachia kitu kimoja tu. Alisema alikuwa na meno yote, na akicheka unayaona mpaka ya mwisho. Hata siku wanamchukua alikuwa akicheka, kuwaudhi tu. Kwa hiyo mimi, na ujinga wangu huu, nilikuwa nawaza njiani, nikifika nitawaangalia mdomoni mmoja mmoja. Nitamjua kwa meno."

"Bibi, kwa bahati mbaya," mkuu akaanza.

"Najua, baba. Umeshasema."

Mkuu akatelezesha karatasi mbele yangu. Ilikuwa hati ya makabidhiano, ukurasa mmoja. Katikati iliandikwa kwamba masalia ni ya watu arobaini na mmoja wasiojulikana majina wala ukoo, na kwamba hakuna kumbukumbu yoyote iliyopo. Chini kulikuwa na mistari mitatu: mkuu wa idara, mtunza stoo, mwakilishi wa familia. Yeye alikuwa amekwisha kutia yake. Akanipa kalamu.

Nikaishika. Ilikuwa mara ya pili siku ile naishika kalamu juu ya uongo, na mkono mwingine bado uko kwa Bibi. Nilifikiria barua yangu ya pongezi. Nilifikiria watakavyosema kwenye korido, Mama Stoo, yule aliyewakata watu nusu nusu. Watasema, na itakuwa kweli. Nikamfikiria Bibi akisaini mstari wa tatu na kurudi siku mbili njiani akinishukuru mimi, na Ijumaa mimi nikimchukua babu yake chini ya kitanda cha mwanangu na kumwingiza kwa mlango wa nyuma, ili azikwe bila jina nililomfuta mimi.

Nikaiweka kalamu mezani. Nikautoa mkono wangu, nikafungua mkoba.

"Mkuu, hii siwezi kutia sahihi. Si kweli."

"Mama, dakika moja..."

"Nimekaa nayo miaka ishirini na miwili. Inatosha." Nikalitoa daftari la buluu, nikaligeuza kumwelekea Bibi, halafu nikakumbuka huenda macho hayaoni vizuri, nikaligeuza tena kwangu. "Bibi, babu yako aliitwa nani?"

Akalitaja jina. Akataja na la baba yake.

Nikafungua ukurasa wa nne, nikasoma namba kumi na saba, kwa sauti, jina lake lote kama alivyolitaja. Dereva akasimama, kofia ikaanguka. Bibi hakusimama. Alifumba macho tu, akasema, "Ndiye," kama mtu aliyeitikia hodi.

"Majina yalikuwa yameandikwa kwenye mifupa," nikasema. "Niliyafuta mimi, kwa spiriti, yasiwasumbue wanafunzi. Na baada ya kuwaosha niliwagawa, niliwachanganya, ili masanduku yawe mengi. Nilipewa barua ya pongezi. Kwa hiyo ile ahsante yako, Bibi, irudishe. Si yangu."

Mkuu alikuwa akiiangalia sahihi yake kwenye hati.

"Yuko wapi?" Bibi akauliza.

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko pote. "Kichwa chake kiko nyumbani kwangu," nikasema. "Chini ya kitanda cha binti yangu. Nilimpa yeye asomee. Nilikichagua kwa sababu ya meno."

Dereva akapiga hatua kuja upande wangu wa meza, na nisingemlaumu. Bibi akasema neno moja kwa sauti ya chini, jina la utotoni la mpwa wake nadhani, na dereva akasimama palepale alipo. Bibi akamtazama mkuu akamwambia, "Na wewe ulikuwa unataka nitie dole hapa." Mkuu akaichukua ile hati, akaikunja mara mbili, hakujua pa kuiweka, akaiweka chini ya chupa ya maji.

Nikampigia simu binti yangu mbele yao wote, spika ikiwa wazi.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Nimekwambia siendi."

"Lichukue sanduku ulilete idarani. Chukua teksi. Usiliweke kwenye buti. Lipakate."

"Umesema, Mama?"

"Nimesema. Fanya haraka, mjukuu wake anasubiri."

Nikakata simu. Bibi alikuwa amekwisha kuzunguka meza, yuko mlangoni. "Na mifupa yake mingine?" akasema. "Umesema umewagawa. Mkono wake uko wapi?"

Nikamwambia uko chumba cha pili, umefungwa kwenye kiunzi cha mifupa kinachoning'inia pembeni mwa ubao, kile ambacho wanafunzi wanakiita Mwalimu. Mkono wa kulia ni wa mtu mwingine, namba thelathini, na wa kushoto ni wa babu yake. Nikamwambia yote yameandikwa, kila mfupa, na nitaurudisha kila mmoja kwa mwenyewe hata ikinichukua hadi kustaafu.

"Leo nataka wangu," akasema.

Tukaingia maabara, mimi mbele, wao nyuma, mkuu mwisho. Mwalimu alikuwa pale pale, mtu fulani amemvika beji ya karatasi iliyoandikwa "Hudhurio ni lazima". Nikaibandua, nikaitia mfukoni. Nikatandika shuka safi juu ya meza. Nikavuta droo, nikatoa koleo langu dogo, lile lile nililomfungia waya.

"Bibi, nifungue?"

"Fungua."

Nikashika mkono wa kushoto kwa chini, kwenye kifundo, usije ukaanguka, nikakata waya.